Nilibusu mkono wa mwalimu wa mafingo, nikatoka na fingo lake

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine hamjambo.

Nimesoma nyuzi zenu za majini na vibwengo mpaka nimechoka. Kila mtu humu ana binamu aliyetolewa sindano mgongoni. Leo naleta yangu, na tofauti ni moja tu: hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo, niliona, na kitu chenyewe nilikishika kwa mkono huu huu ninaochapia. Asiyeamini asiamini. Nimeshazoea kutoaminiwa, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Ni ndefu. Mwenye haraka zake apite.

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimezaliwa hapa na kazi yangu iko hapa kisiwani, nauza leso kwenye duka moja upande wa Bondeni. Kazi ya leso ni kukunjua na kukunja. Mteja anaingia na mamake na shangazi zake, wanakukunjulisha duka zima, wanasoma majina yote yaliyoandikwa kwa sauti, wanacheka, halafu wanasema watarudi. Hawarudi. Kwa hiyo mikono yangu ilishazoea kazi isiyo na faida kabla ya haya mambo.

Kiinimacho kilinianza pale Mwembe Tayari, kwa wale jamaa wa pata potea. Mnawajua. Kibao, karata tatu, mmoja anachezesha, wenzake wanajifanya wateja wenye bahati. Siku hiyo nilisimama tu kutazama. Watu wote walikuwa wameikodolea macho karata. Mimi, sijui kwa nini, nikautazama mkono.

Nikaona. Jamaa anashika karata mbili kwa mkono mmoja. Wewe unaapa ameitupa ya chini, kumbe ametupa ya juu. Bas. Hiyo ndiyo elimu yote inayowatoa watu mishahara pale, na wengine ni watu wenye digrii zao.

Sitaficha, nilipata raha ya ajabu. Ni kama umekaa miaka nje ya ukuta ukisikia watu wanacheka ndani, halafu siku moja unaona mlango ulikuwa wazi. Nikaanza kutafuta video mtandaoni. Huko nako kuna takataka. Mzungu mmoja anaongea nusu ya video kuhusu safari yake ya maisha, halafu anakwambia siri iko kwenye kozi yake ya kulipia. Lakini ukivumilia unapata wawili watatu wanaofundisha kweli.

Nikajifunza kubana. Nieleze hapa kidogo maana ndiyo roho ya hadithi. Unaweka kitu kidogo kwenye kiganja, kati ya nyama ya kidole gumba na nyama ya upande wa pili, unakibana kidogo tu, mkono unauacha ulegee kama mkono wa mtu asiye na jambo. Anayekutazama anaona mkono mtupu. Kubana si kazi. Kazi ni kulegea. Mwanafunzi mbovu utamjua kwa kidole gumba: kinasimama kando, kimekakamaa, kama cha mtu aliyeungua.

Nilifanyia mazoezi mabuyu. Yale mabuyu mekundu ya kumung'unya. Faida yake ni kwamba hayakuonei haya: ukibana sana, au ukitoa jasho, kiganja kinatoka chekundu. Basi nikawa nauza leso huku nimebana buyu. Nakunjua, nakunja, natoa chenji, na buyu limo mkononi. Mwanzoni jioni nilikuwa natoka na kiganja kama cha bi harusi. Baadaye kikawa kinatoka kisafi.

Kosa langu lilikuwa kuonyesha watu.

Kuna mzee anayeuza kahawa karibu na msikiti wetu. Siku moja nikamtolea sarafu ya ishirini nyuma ya sikio. Mchezo tu, hata watoto wa chekechea kwingine wanaucheka. Mzee alisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, akakataa kuipokea ile sarafu, na tangu siku ile ananiwekea kikombe mbali, nijichukulie mwenyewe. Wenzangu wa barazani wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini: huyo jini ulimpata wapi, na anakula nini?

Nikawaambia ni mkono. Nikawaonyesha polepole. Mmoja akaniambia, "Sawa, twajua hamuruhusiwi kusema."

Hapo ningepaswa kujua. Lakini mtu hufikiri ujinga uko barazani, haukai nyumbani kwao.

Sasa nyumbani. Tunaishi Kibokoni, nyumba ya zamani ya ukoo. Yuko mamangu, yuko kakangu Athman, na yuko mkewe Riziki. Athman ni fundi wa injini za mashua kule Liwatoni. Riziki alikuwa anapima samaki huko huko, ndiko walikoonana. Kwao ni Matuga, Mdigo. Wakuu wa Pwani mmeshaelewa. Wa bara niwaambie: kuna watu wa mjini kwetu ambao hata karo la choo likiziba watauliza kama kuna Mdigo aliyepita. Ujinga ulioje, na wanausema na tasbihi mkononi.

Riziki hana neno. Ndiye aliyempeleka mama kliniki miguu ilipoanza kumvimba na kichwa kumzunguka. Wakasema ni presha, wakampa vidonge. Riziki ndiye aliyekuwa anampa kila asubuhi, na kumnyima achari, na kugombana naye kwa adabu. Mama alikuwa akikasirika anameza, akifurahi hamezi. Miguu ikawa inavimba na kupungua, inavimba na kupungua.

Akaja Mjomba.

Mjomba ni kaka wa mama, na ni mtu anayejua kila kitu ila anapoishia. Akaitazama miguu, akasema presha haivimbishi miguu, hili ni fingo. Kwa wasiojua: fingo ni kitu cha uganga kinachozikwa chini ya nyumba ili kumdhuru anayekaa ndani. Akasema anamjua mwalimu anayeyafukua. Huku kwetu mganga anayeagua kwa vitabu huitwa mwalimu, na msinianzishie mambo ya dini hapo chini, nawajua masheikh wa kweli na hakuna hata mmoja niliyemwona akichimba sakafu ya mtu.

Akaletwa. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, harufu ya udi inatangulia mbele yake. Mama na Mjomba wakanyosha mikono kuamkia, yeye akaweka mkono kifuani na kuinama tu. Mjomba akanong'ona kwamba ni unyenyekevu. Mimi nikafikiri ni maringo. Sote wawili tulikosea.

Akakaa ukumbini, akafungua kitabu, akahesabu herufi za jina la mama, akasema fingo liko chini ya kizingiti. Ikavunjwa sakafu, sakafu aliyoiweka babu yangu. Kibarua akachimba, udongo ukatoka umelowa maana mvua ilikuwa imeshika. Mwalimu akaomba maji ya marashi, akanawa mpaka viwikoni, akatuonyesha viganja vyote viwili. Vitupu. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa tasbihi, akaibusu, akaivaa kwenye kifundo cha mkono, akaingiza mkono shimoni.

Akatoka na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa, kimepakwa zafarani, kimechomwa sindano.

Mama akalia. Mjomba akaleta takbiri. Athman, mtu mzima anayebeba injini begani, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Na mimi? Wakuu, mimi niliona aibu. Nilimwonea aibu yeye. Kwa sababu tangu alipotoa ile tasbihi kidole gumba chake kilikuwa kimesimama kando kama kijiti. Alikibana kile kifurushi kama mtu anayeogopa kukipoteza sokoni. Kifurushi chenyewe kilikuwa kikavu, kimetoka kwenye tope kikavu. Na kiganja chake kilikuwa cha manjano kabla hakijagusa kitu. Mabuyu yangu yale yale, ila haya ya zafarani. Nikasema moyoni, kama unakula kwa kudanganya watu, fanya angalau mazoezi.

Lakini hasira yangu ya kweli ilikuja baadaye. Mwalimu alifunga kitabu akasema, "Mwenye kulizika hupita juu yake kila siku. Na si wa damu ya nyumba hini."

Wote wakamgeukia Riziki. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alikuwa amemletea chai huyo huyo mwalimu.

Akaendelea kwamba liko la pili, uani, karibu na jiko anapopikia. Hilo atalitoa Alhamisi baada ya alasiri, na ndani yake mtaona nywele za mwenyewe. Mama akamwambia Athman mbele ya mkewe kwamba likitoka, amwache. Athman akatazama chini. Kisha akasema, "Likitoka, basi."

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Riziki naye alilisikia. Aliliweka sinia chini taratibu, hata kikombe hakikulia, akaenda kuanua nguo.

Ngojeni, kuna wateja wameingia.

Narudi. Walikuwa wale wale wa "tutarudi".

Baada ya magharibi nilimkalisha Athman. Nikamweleza kidole gumba, ukavu, zafarani. Nikabana buyu, nikalitoa chini ya kibao cha mbuzi ya nazi, nikarudia. Alinisikiliza vizuri. Akanijibu kwa kunitaja jina, "Hamadi, nduyangu, wewe ni mtu wa karata. Yule ni mtu wa vitabu."

Nikamuuliza, na mkeo ni mtu wa nini? Akasema tungoje Alhamisi, kama hana lake halitatoka.

Ati halitatoka. Limo mfukoni mwa kanzu, litaachaje kutoka?

Basi nikawaza. Nikimkamata mkono kwa nguvu itakuwa vita, na Mjomba atasema nimemvunjia mtu wa dua heshima yake. Nikipiga kelele kabla, atakibwaga kifurushi mfukoni aonyeshe mikono mitupu. Nilihitaji mkono wake uje wenyewe, wakati kitu kimo ndani, na yeye asiweze kukataa.

Hapo ndipo nilipokumbuka alivyoweka mkono kifuani. Haukuwa unyenyekevu, na hayakuwa maringo. Huku kwetu mtu wa heshima huamkiwa kwa kubusiwa mkono. Mimi nimebusu mikono tangu sijaota meno. Mwizi wa kubana hawezi kuishi Mji wa Kale akitoa mkono kwa kila mtu, atakamatwa na adabu za watu.

Alhamisi ikafika. Uani tulijaa: mama kwenye kiti, miguu juu ya mto, Mjomba, Athman, majirani waliokuja "kumwona mgonjwa". Riziki amekaa kwenye mkeka peke yake kando ya jiko lake. Hakuna aliyekaa naye. Mimi nilitaka kukaa, nikaona nitaharibu kazi, nikabaki nimesimama karibu na shimo. Hilo hadi leo linaniuma.

Kibarua akachimba. Mwalimu akanawa marashi, akatuonyesha viganja. Akatia mkono mfukoni. Tasbihi ikatoka. Kidole gumba kikasimama.

Nikapiga hatua, nikainama mbele yake mbele ya watu wote, nikasema, "Mwalimu, kabla hujaanza, nipa mkono wako wa baraka niubusu. Ni mamangu huyu."

Mama akasema amin. Majirani wakasema amin. Mjomba uso ulimwangaza, alifikiri nimeongoka.

Mwalimu alinitazama. Akaanza kuupeleka mkono kifuani, lakini nilikuwa nimeshaupokea kwa mikono yangu miwili, kwa adabu zote, nimeinamisha kichwa. Niliubusu. Alikuwa anabana vibaya vile vile. Kile kifurushi kilitoka kwake kikaja kwangu kirahisi kuliko buyu.

Nilipoinua kichwa macho yetu yakakutana. Yeye alijua, na alijua kwamba najua. Angesema nini, nirudishie fingo langu?

Wakuu, maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akichimbua kitu asichokuwa nacho. Alitia mkono shimoni, akautoa. Akautia tena. Akamwambia kibarua azidishe. Akachota udongo, akaupepeta kwa vidole, akasoma, akatoa jasho mpaka ile kanzu ya pasi ikamganda mgongoni. Nilimwacha. Niliona raha, sisemi uongo. Riziki alikuwa anamtazama hagusi hata ushungi.

Mwisho akasimama, akasema, "Limehamishwa."

Hapa ndipo wenye akili mngenyamaza. Hakuna fingo, hakuna nywele, Athman alisema likitoka basi, halikutoka. Mke amepona. Ningeingia ndani nikale.

Lakini mimi nilitaka waone. Nilitaka wajue walivyochezewa, na sakafu ya babu ilivunjwa kwa nini. Nikanyosha mkono, nikafungua kiganja, nikasema, "Halikuhamishwa. Nimelitoa mkononi mwake sasa hivi nilipoubusu. Alikuwa amelibana."



Na yule fisadi, wakuu, kwa hili nampa haki yake. Mikono yake ni mibovu lakini ulimi wake ni bingwa. Hakupepesa. Alininyoshea kidole akasema kwa upole kabisa, "Mmeona? Kila fingo humrudia mwenyewe."

Mama alipiga ukemi. Mjomba akaruka, si kunipiga, kunikimbia, akamkumba jirani. Watu waliojaa uani wakawa wamejaa mlangoni. Nikasema jamani, sikilizeni, ni mkono tu huu. Nikatoa buyu mfukoni, nikawaonyesha: hapa lipo, hapa halipo, hapa lipo. Mjomba akasema, "Subhanallah, hata haoni haya, yuwatuonyesha."

Nikasema basi likateni mwone ndani, nywele za nani. Hakuna aliyekubali. Mama alikataza lisifunguliwe. Mjomba akalichukua kwa koleo la makaa, mkono ameunyosha mbele, akaenda kulitosa baharini. Ushahidi wangu ukaondoka hivyo, umebanwa na koleo.

Nilipogeuka mwalimu alikuwa ameshatoka. Waliompisha njia walikuwa wanaomba radhi kwa niaba yangu.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili, analia, ananiuliza, "Mwanangu, ni nani aliyekufunza haya?" Nikamwambia video, mama. Akalia zaidi. Alifikiri Video ni jina la mtu.

Sasa sikieni hili la Athman, kakangu wa tumbo moja. Alimwendea mkewe pale mkekani, akachutama, akasema, "Nisamehe Riziki. Sasa tumejua si wewe."

Riziki akamuuliza, "Jana nilikuwa ni mimi, leo ni nduyo. Na kesho atakuwa nani?"

Mtu wa injini, ukimuuliza jambo lisilo na nati hana jibu.

Watu walipoondoka Riziki alinikuta uani nafukia shimo. Hakuniuliza habari za majini. Alisema, "Shemeji, nionyesha polepole."

Nikaacha jembe. Nikachukua kitunguu saumu kimoja kwenye kikapu chake. Nikamwonyesha kinavyokaa, kinavyobanwa, mkono unavyolegea, jicho unavyolipeleka kwingine. Mara ya kwanza hakuona. Mara ya pili akaona. Akakichukua, akajaribu mwenyewe. Kikaanguka. Akajaribu tena, kikakaa, kidole gumba kimesimama kama cha yule mwalimu.

"Ni hivi tu?"

Nikamwambia ni hivi tu.

Akakitazama kile kitunguu kwa muda. Akasema, "Basi mimi nilikuwa niachwe kwa kidole gumba."

Nilitaka kulia na nikaona haya, nikarudi kufukia. Alipika chakula cha jioni, akampa mama vidonge vyake, na mama akavipokea akimwita mwanangu. Asubuhi yake akakunja nguo zake akaenda kwao Matuga. Hakufukuzwa, wala hakuachwa. Aliondoka mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, akakanyaga kile kizingiti kilichovunjwa.

Mambo yako hivi tangu wakati huo.

Miguu ya mama imevimba kuliko mwanzo, maana vidonge sasa namkumbusha mimi, na kitu kilichopita mkononi mwangu hakinywi mpaka akisomee. Mzee wa kahawa hata kikombe haniwekei tena, ananimiminia kwenye cha plastiki cha kutupa. Na lililonichosha kabisa: watu wananijia dukani. Wanaingia kama wanataka leso, wanashika moja bila hata kusoma jina, halafu wananiuliza kwa kunong'ona kama naweza kwenda kuangalia nyumbani kwao, kuna kitu wanahisi kimezikwa. Nilipowaambia ukweli hawakunitazama usoni. Wakidhani mimi ni mwongo mwenye nguvu, wanapanga foleni.

Athman kila Ijumaa anavuka feri kwenda kukaa barazani kwa mkwewe. Riziki anampa chai, anamuuliza kazi, bas. Sharti lake ni moja. Anataka mama amtamkie mbele ya mamake mzazi kwamba fingo halikuwapo.

Mama amesema yuko tayari kuapa kwamba fingo halikuwa la Riziki.

Mwaona tofauti? Athman haioni. Wiki iliyopita alinijia dukani, amekonda, mikono ina grisi, akanishika bega akaniambia, "Hamadi, kubali tu kwamba ni lako. Wewe ni mwanawe, atakusamehe. Ukikubali haya yaisha na mke wangu arudi."

Wakuu, nusura nikubali. Nilimwonea huruma, ni kakangu. Na mimi jina limeshaharibika, tone moja zaidi lingenipunguzia nini? Nikampigia Riziki nikamwambia nimefikiria kusema ni langu ili yaishe.

Nilisikia kuku na sauti ya mtu anatwanga. Kisha akasema, "Shemeji, ukisema ni lako, umesema lilikuwapo. Na likiwa lilikuwapo, mimi sirudi."

Basi sikukubali, na sitakubali.

Funzo nililopata: nilidhani kiinimacho ni kazi ya mikono. Mikono ni kidogo sana. Yule mwalimu mikono hana, na bado nyumba nzima ilimwona akitoa fingo, kwa sababu waliletewa walichokuwa wameshaagiza moyoni tangu siku Riziki alipoingia na sanduku lake. Mimi nilikuwa na mikono mizuri na ukweli juu yake, na sikumtoa mtu hata mmoja kwenye imani yake ila yule aliyekuwa anaachwa.

Sasa nimewaachia uwanja. Mwenye kunishauri namna ya kumfikia mama, nitamsoma kwa heshima na nitamshukuru. Na wewe uliyeshaanza kuandika kwamba mafingo ya kweli yapo, ila huyu tu ndiye alikuwa tapeli, karibu sana nawe. Lakini kabla hujabonyeza, fungua kiganja tukione.